Wakimbiao Kando ya Mto Karura

Hapa kwetu Kikula, mjini Likasi, mtu akionekana anakimbia njiani kabla ya jua kuchomoza, watu humwuliza maswali mawili tu: «Je, kuna msiba?» au «Je, umeibiwa?» Haiwaingii moyoni ya kuwa mtu mwenye akili timamu aweza kukimbia bure, asimfukuze mtu wala asifukuzwe. Nami, kwa kuwa kila Jumamosi huwachukua wanafunzi kadhaa kukimbia katika vijia vya porini nje ya mji, nimekwisha kuulizwa maswali hayo mara nyingi. Bibi mmoja mwuza mihogo alinihurumia hata akanipa maji ya kunywa, akisema, «Mwanangu, lo lote lililokupata, Mungu yupo.»

Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza: «Mwalimu, ziko kweli nchi ambamo watu wazima huacha barabara nzuri, wakaenda kukimbia msituni kwa kupenda?» Nikamjibu ya kuwa ziko nyingi, na moja ni hapa hapa Afrika. Lakini tulikuwa tunapanda mlima, na pumzi haikutosha kueleza. Basi jibu langu lote ni hili.

Upande wa kaskazini wa Nairobi, mji mkuu wa Kenya, upo msitu uitwao Karura. Ukubwa wake wapita hekta 1,000 kidogo, nao umezungukwa na nyumba na barabara za mji. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, wakati wa utawala wa Waingereza. Sehemu moja ina miti ya kigeni iliyopandwa kwa mistari, kama mikaratusi. Sehemu nyingine ina miti ya asili, kama muhugu, ambao wachongaji wa vinyago waupenda sana. Mto Karura wapita katikati, na mahali pamoja huanguka kutoka mwambani. Karibu na hapo yako mapango, ambayo wenyeji husimulia ya kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo katika miaka ya 1950. Na katika msitu huo vijia vya kutembea na kukimbia vyapita kilometa 50.

Nilijaliwa kukimbia huko asubuhi moja. Nilijidhania mtu hodari, lakini Nairobi iko juu zaidi kuliko Likasi, yapata mita 1,700 juu ya bahari, na baada ya nusu saa nilikuwa nahema kama mvukuto wa mhunzi. Kijia kilifuata ukingo wa bonde, mto ukiwa chini upande wa kushoto. Niliusikia muda mrefu kabla ya kuuona. Kisha kikateremka ghafula penye mizizi na utelezi, na hapo ndipo nilipotambua ya kuwa mbio za msituni ni elimu nyingine kabisa.

Katika uwanja wa michezo mkimbiaji hutazama mgongo wa mwenzake na saa ya mwamuzi. Hata katika mbio za nyika, ambazo Wakenya walishinda ubingwa wa dunia kwa timu ya wanaume miaka 18 mfululizo, tangu 1986 hata 2003, mara nyingi watu huzunguka penye majani, mzunguko ule ule tena na tena. Msituni hakuna hatua mbili zinazofanana. Macho yatangulie miguu kwa hatua tatu au nne. Ukitazama vidole vyako umechelewa, mzizi umekwisha kukushika. Katika kupanda, fupisha hatua, na mlima ukiwa mkali tembea bila haya: mabingwa nao hutembea. Katika kuteremka usijirudishe nyuma kwa hofu, maana kisigino huteleza. Inama mbele kidogo, piga hatua fupi za upesi, na mikono uitanue kama ndege atakaye kutua. Kilometa usizihesabu. Kilometa moja ya namna hiyo yaweza kukuchukua muda wa mbili za barabarani, wala si aibu.

Nilipofika penye maporomoko nilimkuta mama mmoja wa makamo, amejifunga kitambaa kichwani, anapumzika. Nikamwambia, «Shikamoo, mama, msitu wenu ni mzuri.» Akaitikia, kisha akasema, «Marahaba. Ni mzuri, lakini nusura usiwepo.»

Maneno yake ni kweli, na habari yenyewe yafaa ijulikane na kila mwanafunzi. Mwaka 1998 ilijulikana ya kuwa sehemu za Karura zimekwisha kugawiwa watu binafsi kwa siri, wajenge majumba. Aliyesimama kupinga ni Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri wa mwaka 1940. Huyu alisoma kwa masista wa misioni ya Mathari, kisha Loreto huko Limuru, na mwaka 1960 akaenda Marekani kuendelea na masomo katika chuo cha masista Wabenedikto. Mwaka 1977 alianzisha chama cha Green Belt, ambacho wanawake wa vijijini walipanda miti kwa mikono yao.

Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda Karura pamoja na wabunge na wenzake wengine, wakichukua miche. Nia yao ilikuwa kupanda mti langoni. Wakawakuta walinzi wenye marungu na mapanga, nao wakawashambulia. Mama Wangari alipigwa kichwani akavuja damu. Alipofika kwa polisi kuandikisha mashtaka, alitia alama yake karatasini kwa damu ile ile. Habari zikaenea duniani. Wanafunzi wa vyuo vya Nairobi wakaandamana. Na mwezi wa Agosti mwaka ule Rais Moi akapiga marufuku kugawa ardhi za umma. Mwaka 2004 Mama Wangari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Alifariki mwaka 2011.

Lakini msitu uliookolewa haukuwa bado msitu wa kukimbilia. Miaka mingi watu wa Nairobi waliuogopa, kwa kuwa wanyang'anyi walijificha humo. Ikabidi uzungushiwe ua wa nyaya za umeme, kazi iliyoanza mwaka 2009, na vijana wa vijiji vya jirani wakafundishwa ulinzi. Ndipo watu wakaanza kuingia: wakimbiaji, wapanda baiskeli, wazazi na watoto wao. Nami naona ya kuwa hao wakimbiaji ni walinzi kuliko ua wenyewe. Mwizi wa miti hupenda mahali pasipopita mtu, na mahali palipopitwa na watu kila asubuhi, kila mti ukianguka utaulizwa.

Sasa nirudi kwetu. Sisi hatuna Karura. Tuna pori la miombo, tuna masuku wakati wake na uyoga wakati wa mvua, tuna na vichuguu vikubwa vya Katanga ambavyo vingine vyapita mita 5 kwenda juu. Wanafunzi wangu huvipanda na kuvishuka mbio, na sijaona mazoezi bora ya miguu. Lakini kila mwaka pori lasogea mbali na mji, kwa sababu ya makala. Mwanzoni tulifika penye miti kwa muda mfupi. Siku hizi twavuka kwanza visiki vingi, tena mvulana mmoja alijikwaa penye kisiki kibichi akachanika goti.

Jambo moja lanipa moyo. Kisiki cha miombo hakifi upesi. Huchipuka chenyewe, mradi moto wa kiangazi usikiunguze mwaka baada ya mwaka. Basi tumeomba ruhusa kwa mzee wa kijiji, na kila mwezi wa Mei, kabla nyasi hazijakauka sana, twafagia majani katika kijia chetu na kukipanua, ili moto mdogo ukifika hapo upungukiwe na chakula. Moto mkubwa huruka, najua.

Jumamosi iliyopita tulikutana na baba mmoja akisukuma baiskeli yenye magunia manne ya makala. Mwanafunzi aliyeniuliza lile swali akamwamkia kwa adabu, kisha akasema, «Baba, mbona mmekata hata penye kijia chetu?»

Yule baba alisimama, akapangusa jasho. «Mwanangu,» akasema, «leo nyumbani kwenu mama yako amepika kwa nini?»

Kijana akanyamaza, akanitazama. Sikuwa na jibu la upesi la kumpa. Mlima ulikuwa mbele yetu, nao ni mkali. Wavulana wawili wakashika magunia kwa nyuma, wakasukuma pamoja naye mpaka kileleni, kisha wakarudi mbio kutukuta kijitoni.