Hadubini na Mkeka

Mtoto ameshinda na homa tangu asubuhi. Usiku wa manane macho yanageuka juu, mikono inakakamaa, povu linamtoka mdomoni. Hospitali wataandika malaria kali. Nyumbani, katika vijiji vingi vya Pwani na Morogoro, hiyo ni degedege, na watu wazima waliomo ndani wanajua la kufanya: kuna majani ya kumwogesha, kuna moshi wa kumfukizia, kuna mganga wa kwenda kugongewa mlango. Wanajua pia lisilofaa kufanywa. Asichomwe sindano; akichomwa, anakufa.

Daktari akisikia hivyo hukunja uso. Lakini kanuni hiyo haikuokotwa jalalani. Mtoto mmoja alianzia kwa mganga, akakaa huko siku mbili, akafikishwa hospitali akiwa hoi, akadungwa kwinini, akafa. Mwingine, ambaye mtukutiko wake ulikuwa wa homa tu na ungekwisha wenyewe, alibaki nyumbani na majani yake, akapona. Mama aliyeyaona yote mawili amepiga hesabu, na hesabu yake ina mantiki. Kosa lake ni lile ambalo hata watakwimu hulifanya wasipojihadhari, la kulinganisha wagonjwa wasiolingana.

Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 uliliacha neno degedege lisimame kama lilivyo. Ukimuuliza mama anajua nini kuhusu malaria, atakujibu yale aliyofundishwa kliniki. Watafiti wale waliuliza kuhusu degedege: huanzaje, humpata nani, hutibiwa wapi. Ikaonekana kwamba kwa wengi malaria na degedege ni magonjwa mawili. Malaria ni ya mbu, basi ni ya hospitali. Degedege jina lake lina ndege ndani yake, na ndege huyo ana mashetani yake. Hospitali itamfanya nini? Kwa hiyo mabango ya kuwahimiza watu wawahi kituo cha afya mtoto akipata malaria yalisomwa, yakakubaliwa, na usiku wa hatari yakaonekana yanamhusu mgonjwa mwingine.

Huwa naulizwa na marafiki waliosomea udaktari, tena kwa kejeli kidogo, mwanaanthropolojia anafanya nini kwenye taasisi ya afya. Huwa nawajibu kwa degedege. Kimelea cha malaria kilionekana kwenye hadubini tangu mwaka 1880. Hadubini hiyohiyo haikuwa na namna ya kuonyesha kwa nini mtoto mwenye kimelea hicho alipelekwa mashariki wakati hospitali iko magharibi.

Mahali pazuri pa kutazama ndoa hii ya sayansi mbili, ya tiba na ya jamii, ni Ifakara, katika Bonde la Kilombero. Ni mji wa mpunga. Reli ya TAZARA inapita hapo, na kwa miaka mingi aliyetaka kuvuka Mto Kilombero kwenda Ulanga alisubiri pantoni, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2018. Katikati ya karne iliyopita alifika hapo mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, jina lake Rudolf Geigy, akawakuta wamisionari Wakapuchini wa nchini kwake, akaanzisha maabara. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ilichukuliwa neno kwa neno. Kati ya viumbe waliomvutia ni papasi, kupe yule wa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, mwenye kuambukiza homa inayokwenda na kurudi. Papasi ana miguu minane na biolojia yake, lakini makazi yake ni sakafu ya mtu asiye na saruji. Geigy alikuwa akichunguza nyumba za watu hata pale alipodhani anachunguza kupe.

Maabara ile ilikua taratibu. Katika miaka ya 1990 ikawa shirika la Kitanzania lisilo la faida, chini ya bodi ya wadhamini, na leo inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, ikiwa na ofisi Dar es Salaam na kituo Bagamoyo. Uongozi wake umepita mikononi mwa wanasayansi kama Andrew Kitua, Hassan Mshinda na Salim Abdulla. Humo ndani daktari wa watoto, mtaalamu wa mbu, mtakwimu, mchumi na mwanasosholojia wanakula kwenye kantini moja, jambo ambalo vyuo vikuu vyetu, kila kitivo na geti lake, bado halijavikalia vizuri.

Jaribio kubwa la ushirika huo lilikuwa chandarua. Bonde lilikuwa kali: katika baadhi ya vijiji, miaka ya 1990, mtu mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila alipolala. Majaribio ya Gambia, Ghana na ya Kilifi nchini Kenya yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba chandarua kilichotiwa dawa huokoa watoto. Kwa upande wa mbu, kazi ilikuwa imekamilika. Kwa upande wa watu ilikuwa haijaanza. Nani atakinunua, kwa shilingi ngapi, cha rangi gani? Na kikishaingia ndani ya nyumba, nani atalala ndani yake: baba mwenye kitanda, au watoto walio chini kwenye mkeka?

Mradi wa KINET, uliozihusu wilaya za Kilombero na Ulanga, ulianza na maswali hayo kabla ya kuleta mzigo. Mwaka 1997 vyandarua vikaanza kuuzwa kwa jina la Zuia Mbu, jina lisilohitaji tafsiri wala semina, vikapitia kwa wenye maduka, wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji. Mwaka 2001 matokeo yakachapishwa. Kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne, kulala ndani ya chandarua chenye dawa kuliandamana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Tofauti yake na majaribio yaliyotangulia ni kwamba hapa hakuna mtafiti aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kugawa na kukagua. Vilikuwa vyandarua vya kununuliwa dukani, vingine vimechakaa, vingine dawa imepungua, kama maisha yenyewe.

Mjadala uliofuata, wa kuuza au kugawa bure, uliwagombanisha wachumi kwa miaka. Tanzania ilipita katikati kwa Hati Punguzo ya mwaka 2004, mama mjamzito akipewa karatasi ya kumpunguzia bei dukani, kisha ikaja kugawa bure nchi nzima. Mimi naona kila upande ulikuwa sahihi kwa wakati wake, ingawa wanaosema hivyo huwa hawaalikwi kwenye mijadala.

Watafiti nao hushangazwa. Msimu wa mpunga ukifika, kaya nyingi za bondeni huhama kijiji kwenda mashambani, zikalala kwenye vibanda na madungu kwa miezi, zikiamia ndege na nguruwe. Ilidhaniwa, na ungedhani hata wewe, kwamba huko ndiko chandarua kinakosahaulika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kinyume: walikuwa wamevibeba, karibu wote. Asiyejua mbu wa mpunga ni yule anayekula wali tu. Kilichokosekana shambani ni dawa za kutibu malaria, na njia ya kumtoa mgonjwa kwenye maji hadi zahanati. Fedha za kuhubiri vyandarua mashambani zingekwenda bure.

Mbu pia hawakukaa kimya. Anopheles gambiae, aliyekuwa mfalme wa bonde, amepungua sana. Nafasi imeshikwa na Anopheles funestus, anayezaliana kwenye maji ya kudumu kama mito midogo yenye nyasi pembeni. Kazi ya wanasayansi wa Ifakara iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji walivyochunguza yalikuwa ya huyo, tena mwenye usugu dhidi ya dawa za kwenye vyandarua. Na kuna saa ambazo chandarua hakifui dafu hata kikiwa kipya: saa ya kupika nje, ya kutazama mpira kibandani, ya kukaa msibani. Hakuna anayefunga chandarua matangani.

Ndiyo maana wanasayansi wa Ifakara wamejaribu vitu ambavyo ukivisikia unacheka kwanza. Utepe wa gunia uliolowekwa dawa ya kufukuza mbu, ukazungushwa pale ukuta unapokutana na paa. Ndara zilizotiwa dawa hiyohiyo, kwa kuwa mbu wengi hushambulia miguuni. Huko nyuma mtafiti wa mbu Fredros Okumu na wenzake waliwahi hata kutumia harufu ya soksi zilizovaliwa kuwa chambo cha mitego. Ndara naziafiki, ila nina swali moja kama mtu wa mila hizi: msibani viatu huachwa pembeni ya mkeka. Sasa miguu italindwa na nini? Hilo halijibiwi maabara.

Halafu kuna damu. Kituo cha Bagamoyo kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika kati ya 2009 na 2014, na baadaye ya chanjo ya R21. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Kila jaribio la namna hii lina mtu mwenye koti jeupe anayechukua damu ya mtoto, akaingia nayo kwenye gari, akaondoka. Katika pwani yetu mtu huyo ana jina tangu enzi za babu zetu: mumiani. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya habari hizi Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, wazimamoto wakituhumiwa kunyonya watu damu. Mwanaanthropolojia Wenzel Geissler alizikuta magharibi mwa Kenya zikiwaandama watafiti wa afya wa siku hizi, safari hii kwa jina la kachinja.

Njia rahisi ni kusema huo ni ujinga, uelimishwe. Wanasayansi wa jamii wamependekeza kwamba usikilizwe. Anayeuliza damu inakwenda wapi anauliza pia nani ananufaika nayo, na yeye atapata nini gari likishaondoka. Afisa utafiti anayeweza kumjibu hapohapo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba ni kijiko kimoja cha chai, kinapimwa jengo lile pale, majibu yatarudi Alhamisi, amefanya kazi ya kisayansi sawasawa na aliyeshika bomba la sindano.

Manung'uniko yangu ni juu ya mpangilio wa kazi yenyewe. Taasisi ya namna hii haina mwenye hisa, lakini ina wafadhili, wengi wa ng'ambo, na fedha huja kwa mradi, mradi una miaka mitatu au mitano. Mwanasosholojia mara nyingi huitwa mradi ukishakwama: watu wamekataa, mwiteni yule wa maswali aende akawaulize kwa nini. Angeitwa siku ya kuandika ombi la fedha, pengine wasingekataa. Na mahojiano marefu na mabibi ishirini hayamvutii mfadhili kama mashine mpya, ingawa gharama yake ni nauli na soda.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo haiwezi kufanyika bila pande zote mbili, na ndiyo iliyozaa ile asilimia 27. Tangu mwaka 1996 wahoji wa Ifakara wamekuwa wakizungukia kaya za Kilombero na Ulanga, mwanzoni kila baada ya miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Anapofariki mtu nyumbani, bila cheti wala daktari, mhoji hurudi siku za msiba zikishapita. Anavua viatu, anakaa mkekani, anatoa pole. Kisha anamwomba mama asimulie ugonjwa ulivyoanza, kwa maneno yake, bila kumkatiza. Baada ya simulizi huja maswali ya fomu: homa ilikaa siku ngapi, alipumua kwa shida, aliharisha? Fomu hiyo husomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake; wakitofautiana anaitwa wa tatu. Siku hizi programu ya kompyuta nayo hufanya kazi hiyo. Kutoka hapo kifo kinapata sababu, sababu inakuwa tarakimu, tarakimu inaingia kwenye mipango ya wilaya.

Kila kitu kinategemea neno alilolichagua mhoji. Akiuliza kama marehemu alipatwa na mtukutiko wa misuli, mama anamtazama tu. Akiuliza kama ilikuwepo degedege, mama ananyamaza kidogo, anavuta khanga begani, anasema ndiyo, ilikuwa usiku wa pili, na tulimwita mzee wa jirani.