Pua, Jicho na Mkono Mbele ya Mtungi wa Gesi

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa vyanzo vya mkaa unaopikiwa mijini. Leo mitungi ya gesi imeingia katika nyumba za mjini Kilosa na katika vibanda vya mama lishe wanaowahudumia madereva wa malori kandokando ya barabara kuu pale Mikumi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umelenga kuwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kumweleza mtumiaji jinsi mtungi ulivyobuniwa kuzungumza na milango yake ya fahamu, na pia pale ambapo milango hiyo inaweza kumdanganya.

Harufu iliyotiwa kwa makusudi

Gesi ya kupikia kwa asili yake haina rangi, wala haina harufu ya kutosha kumshtua mtu. Harufu ile kali, mfano wa kabichi iliyooza, hutokana na kemikali iitwayo merkaptani, ambayo huongezwa kwa kiasi kidogo sana. Funzo hili lilipatikana kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1937, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja chini ya shule moja mjini New London, jimbo la Texas, Marekani, ikalipuka na kuua watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo sheria ya Texas iliamuru gesi itiwe harufu, na utaratibu huo ukaenea.

Kiasi cha harufu hupangwa ili pua iisikie wakati gesi iliyomo hewani ingali karibu moja ya tano tu ya kiwango kinachoweza kushika moto. Nafasi hiyo ndiyo muda wako wa kujiokoa.

Pua isiachwe peke yake

Pua huzoea. Mtu akikaa ndani ya harufu kwa dakika kadhaa, huanza kuiona kana kwamba imetoweka, ilhali gesi ingali inavuja. Mafua na uzee navyo hupunguza uwezo wa kunusa, na dagaa wanaokaangwa huweza kuifunika harufu. Sikio lingesaidia kusikia mvumo wa gesi inayotoka, lakini kibandani Mikumi ngurumo za malori huumeza. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni, chini ya usawa wa pua ya aliyesimama.

Watafiti wa milango ya fahamu wamebaini kwamba dalili mbili zikija pamoja, kila moja kwa mlango wake, humzindua mtu haraka kuliko dalili moja. Ndiyo sababu tunakushauri uliite jicho limsaidie pua. Kila unapofunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye valvu, regulata na maungio ya mpira. Viputo vikitokea na kukua, gesi inavuja. Usitumie kiberiti kamwe kwa kazi hiyo.

Mkono hudanganywa na jicho

Mwaka 1891 tabibu Mfaransa, Augustin Charpentier, alieleza jambo la ajabu: vitu viwili vyenye uzito sawa vikiinuliwa, kile kikubwa kwa umbo huonekana chepesi zaidi. Jicho hutangulia kuuambia mkono utarajie nini, na mkono huhukumu kwa matarajio hayo. Mtu hudanganyika hata akiisha kuambiwa ukweli.

Basi usinunue gesi kwa kuunyanyua mtungi au kuutikisa. Muuzaji anapaswa kuwa na mizani dukani. Mwombe aupime mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Tuseme umeandikwa kilo 7.5, nawe unanunua gesi ya kilo 6: mizani isome kilo 13.5. Ikipungua, kataa mtungi huo. Muuzaji akikaidi, peleka malalamiko yako EWURA pamoja na stakabadhi.

Mkaa hauna wa kuusemea

Wapo wanaodhani kwamba mkaa ni salama kwa kuwa haulipuki. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hakuna kiwanda kilichoitia harufu ya kukuonya, na makaa mekundu yanayokupa joto ndiyo yanayoitoa. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi.

Usikiapo harufu ya gesi

Zima moto wote, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha. Usiwashe wala usizime taa, kwa kuwa cheche ya swichi yatosha kulipua. Watoe watu wote nje, kisha ukiwa nje ndipo upige simu Zimamoto, namba 114. Usirudi ndani kwa sababu tu harufu imepungua: huenda iliyopungua ni nguvu ya pua yako. Mwombe mtu ambaye hakuwamo ndani aje anuse mlangoni.