Gego Moja la Bonde la Rukwa

Katika mdahalo wetu wa muhula huu juu ya mageuko ya viumbe, hoja iliyopigiwa makofi mengi ilikuwa hii: "Wataalamu huokota jino moja, kisha hutunga mnyama mzima." Upande wetu ulishindwa. Hata hivyo hoja hiyo yastahili jibu, maana jino lenyewe lilitoka Bonde la Rukwa, ambalo sisi wa Igamba tu jirani zake.

Mwaka 2013 wataalamu wa Tanzania na wa nchi za nje, wakiongozwa na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walitangaza visukuku viwili, yaani mifupa iliyogeuka mawe. Kimoja ni taya lenye meno kadhaa, la ukoo wa sokwe, waliliita Rukwapithecus. Cha pili, Nsungwepithecus, ni kipande cha taya chenye gego moja tu, nacho ni cha ukoo wa nyani na tumbili. Umri wake, uliopimwa kwa majivu ya volkano yaliyomo katika miamba ile, ni miaka milioni 25 hivi.

Je, gego moja latosha? Mtoto yeyote wa hapa hutofautisha taya la mbuzi na la mbwa bila kuona ngozi. Vivyo hivyo gego la chini la sokwe lina vilima vitano, na la nyani lina matuta mawili yaliyokingama. Gego halisemi rangi ya mnyama wala sauti yake. Lasema ukoo wake.

Tena, wataalamu waliolinganisha vinasaba vya wanyama walio hai walikwisha kukadiria kwamba koo hizo mbili zilitengana miaka milioni 25 hadi 30 iliyopita. Lakini visukuku visivyobishaniwa vilikuwa vya miaka milioni 20 tu. Makadirio yalitangulia, mifupa ikafuata.

Wala hakuna mtaalamu asemaye kwamba mtu alizaliwa na nyani. Wasemacho ni kwamba tuna wahenga mamoja wa zamani sana. Imani ya mtu sikuigusa. Nimesema juu ya ushahidi tu.

Mwenye kupinga na ajibu katika toleo lijalo, ila atueleze gego lile ni la mnyama gani.

Mwanafunzi, Kidato cha IV