Je, Wajua? Mrija wa Dayalisisi na Shingo ya Kulia

Mgonjwa wa figo anapowekewa mrija wa kusafishia damu, daktari huanza na upande wa kulia wa shingo. Mshipa wa huko hushuka karibu wima hadi moyoni. Wa kushoto una kona, na mrija unaopita humo huelekea kusumbua mapema. Ncha nayo ina mahali pake: chemba ya juu ya moyo, upande wa kulia, au mlangoni mwake. Ikiishia juu mno hunyonya ukuta wa mshipa, na kengele ya mashine haikomi, kwani mashine inataka damu kama mililita 300 kila dakika.

Hata mrija uliowekwa vizuri haujasalimika. Mwili huufunika kwa utando wa fibrini, na damu iliyotulia ndani ya mrija huganda. Ndiyo sababu muuguzi huujaza heparini au sitreti kila baada ya dayalisisi, kisha akafunga vifuniko. Kuna pia maambukizi, ambayo mara nyingi humlazimu daktari kuung'oa. Mgonjwa, usiloweshe bandeji unapooga, na ukipata homa au kibaridi, wahi hospitali siku hiyohiyo.