Kalafati Mbali na Bahari: Utunzaji wa Mashua katika Ziwa Edward na Msamiati Wake

Miji ya Butembo na Beni haina gati. Butembo umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Beni umeuelekea msitu wa Ituri. Hata hivyo, mitungo ya samaki inayouzwa katika masoko ya miji hiyo miwili hutoka Ziwa Edward, hasa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini ya ziwa, karibu na mahali unapotokea mto Semliki. Biashara yote hiyo hubebwa na mashua za mbao. Mashua ikivuja, hasara ya kwanza ni ya samaki na nyavu. Ya pili, katika ziwa ambalo dhoruba zake huzuka ghafula na ambalo kina chake hupita mita 100, ni ya watu.

Kiswahili kina msamiati mpana wa kazi ya kutunza chombo, nao ulikusanywa mapema. Padri Charles Sacleux aliuingiza kwa wingi katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka Paris kuanzia mwaka 1939, kitabu ambacho msomaji wa Kongo hukitumia kwa wepesi kuliko msomaji wa Dar es Salaam. Lakini msamiati huo ni wa pwani. Swali linalostahili kuulizwa ni lipi katika maneno hayo linafaa ziwani, na lipi halina kazi huko. Na jibu lake halipatikani katika kamusi, bali katika ubao wenyewe.

Baharini adui mkubwa wa chombo ni mdudu atoboaye mbao, pamoja na viumbe wenye magamba wagandao chini ya mkuku. Kwa sababu hiyo mabaharia wa Lamu na Unguja walipaka chini ya chombo deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na kabla ya kupaka walikichoma chombo kwa mienge ya makuti ili kuwaua wadudu. Sehemu ya juu ya maji ilipakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu ambayo mgeni haisahau. Mdudu huyo haishi katika maji baridi. Katika Ziwa Edward, basi, deheni ni dawa isiyo na ugonjwa wake.

Ugonjwa wa huko ni kuoza. Chumvi ya bahari huzuia kuvu, ndiyo maana chombo cha pwani hukaa miaka mingi hata kikiwa na maji ndani. Maji ya ziwa na ya mvua hayana kinga hiyo. Ubao uliozama daima hauozi upesi, wala ubao mkavu hauozi. Huoza ule unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka: penye mstari wa maji, chini ya mataruma, na katika ngama, mahali maji machafu yanapotuama pamoja na magamba ya samaki. Kufua maji ya ngama kila jioni, kazi ambayo mara nyingi huachiwa kijana mdogo kuliko wote, huenda ikarefusha maisha ya mashua kuliko rangi yoyote iletwayo kutoka dukani.

Jambo jingine ni kwamba ziwa halipwi wala halijai. Nahodha wa pwani hukipweleza chombo chake wakati wa bamvua, maji yakamwacha mkavu kwa saa kadhaa, akakwangua na kupaka bila kumwita mtu. Ziwani mashua haina budi kuvutwa kwa mikono juu ya magogo, na watu wa kuivuta hudai chochote. Ndiyo sababu matengenezo huahirishwa hadi uvujaji uwe mkubwa. Na ikisha kuvutwa, hatari hugeuka: ikiachwa juani majuma mengi mbao hunywea, maungio hufunguka, na mashua iliyokuwa nzima hurudi majini ikiwa kama tenga. Afadhali ifunikwe kwa majani, au iwekwe kivulini.

Hapa ndipo kalafati inapohitajika. Kukalafati ni kujaza maungio ya mbao kwa pamba au nyuzi zilizosokotwa, zikapigwa kwa patasi butu na nyundo, kisha zikafunikwa kwa mafuta mazito au lami. Hufanywa kutoka nje, ili maji yenyewe yazidi kuisukuma pamba ndani ya ufa. Fundi hukwangua kwanza pamba ya zamani hadi auone ubao safi, kwa kuwa pamba mpya haishiki juu ya pamba iliyooza. Wala haipigi kwa nguvu zake zote. Ubao mkavu utafura ukirudi majini, na maungio yaliyojazwa kupita kiasi yatang'oa misumari au kupasua taruma. Kipimo hiki hakiandikiki. Hujulikana kwa mlio wa nyundo.

Katika Kiswahili cha Kivu kazi hii mara nyingi huitwa kuziba tu. Neno si kosa, ila halibainishi. Aliyetumwa kuziba ataweza kusukumia kitambaa ndani ya ufa kutoka upande wa ndani, na kwa nusu saa atakuwa ameziba kweli. Kisha maji yatakisukuma kitambaa kitoke, na huenda mashua iko katikati ya ziwa. Aliyetumwa kukalafati hawezi kudai kuwa amemaliza kabla mashua haijavutwa nchi kavu. Inafurahisha kwamba mwanafunzi wa Butembo hahitaji kujifunza neno geni kabisa: Kifaransa anachosomea kina calfater, na wanaisimu hulifuatilia neno hilo, kama kalafati yetu, hadi katika bandari za Waarabu na Wagiriki, ingawa hawajapatana nani alimkopesha mwenziwe. Neno moja limemfikia kwa njia mbili.

Kalafati, hata hivyo, haiponyi ubao uliokufa. Kabla ya kununua pamba yafaa fundi apite na ncha ya kisu kando ya kila taruma na kila msumari, hasa nyuma, ambako mtikisiko wa mashine hulegeza maungio, na mahali popote palipowahi kugongwa na kiboko. Kisu kikigota, ubao ni mzima. Kikizama bila kusukumwa, ubao huo ung'olewe siku hiyo hiyo, kwa sababu msumari mpya hautashika humo.