Kutoka Shamba hadi Ploti: Ukuaji wa Dabaso na Suala la Mipango

Upanuzi wa miji katika pwani ya Kenya hujadiliwa zaidi kwa kurejelea Mombasa na Malindi. Hata hivyo, mabadiliko makubwa hutokea pembezoni, katika sehemu kama Dabaso, jirani ya Gede na Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Makala haya yanafafanua jinsi shamba linavyogeuka ploti, na athari za mgeuko huo.

Shamba hutambuliwa kwa kinachomea humo: minazi, mikorosho, mihogo. Ploti hutambuliwa kwa vipimo. Shamba linapokatwa vipande bila mpango, kila mnunuzi hujenga kwake. Njia na mitaro hukumbukwa nafasi ikiwa imekwisha.

Tatizo hili lina mizizi katika umiliki. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wadai wa ardhi ya pwani kuwasilisha madai yao. Wamijikenda wengi, waliomiliki ardhi kwa misingi ya ukoo, hawakupata hati, na vizazi vyao vikaitwa maskwota. Kwa hivyo, ramani inayotambua wenye hati pekee inaweza kumpanga mgeni na kumpangua mwenyeji.

Aidha, ardhi ya eneo hili ina mipaka. Upande wa bara upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita mraba 420. Upande wa pili ipo Hori ya Mida na mikoko yake. Mwamba wa matumbawe nao hupitisha maji kwa urahisi. Uchafu wa shimo la choo waweza kufika kisimani na horini.

Karibu na hapo yapo magofu ya mji wa kale wa Gede, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mji huo, uliohamwa katika karne ya 17, ulikuwa na visima, vyoo na kuta. Lakini ukuta wake wa ndani uliwatenga pia matajiri na watu wa kawaida. Mpangilio mzuri wa majengo, basi, si lazima uwe wa haki.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la mipango, na sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inasisitiza ushirikishwaji wa umma. Ushirikishwaji huo utakuwa na maana endapo mkaazi asiye na hati atasikilizwa kabla ya mawe ya mipaka kuchimbiwa. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta ukishatangulia njia, kuubomoa ni gharama na ugomvi.