Kiwanda ni cha serikali, mwendeshaji ni kampuni ya kibinafsi: Nani hubeba mzigo?

WAKAZI wa Free Area mjini Nakuru si wageni wa mpango wa serikali kumiliki mali na kampuni ya kibinafsi kuiendesha. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2017, kampuni ya Rift Valley Railways ndiyo iliyoendesha treni kwenye reli ya zamani inayopitia Nakuru, ilhali reli yenyewe ilibaki mali ya umma.

Marekani hutumia mpango wa aina hiyo kuunda baadhi ya ndege zake za kivita. Mfano ni Kiwanda Nambari 4 cha Jeshi la Wanahewa kilichoko Fort Worth, Texas. Mwenye kiwanda ni serikali, lakini kampuni ya Lockheed Martin ndiyo inayoajiri wafanyakazi na kuunda ndege aina ya F-35.

Mtindo huo ulishika mizizi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Serikali ilihitaji maelfu ya ndege kwa haraka, nazo kampuni zilihofia kujenga viwanda vikubwa ambavyo vingekosa kazi vita vikiisha. Serikali ikajenga kwa fedha za umma, kisha ikawakabidhi wenye ujuzi.

Kiwanda cha Fort Worth kilianza kuunda ndege mwaka 1942 chini ya kampuni ya Consolidated. Baadaye kikaendeshwa na Convair, kisha General Dynamics, na tangu mwaka 1993 Lockheed. Waendeshaji walibadilika, kiwanda hakikuhama. Hiyo ndiyo faida kuu ya mpango huu: taifa halipotezi uwezo wake wa kujihami kwa sababu kampuni moja imeuzwa.

Hata hivyo, mwenye nyumba hubaki na uchafu wa wapangaji. Kemikali iliyotumiwa kuondoa mafuta kwenye vyuma ilipenya ardhini na kuchafua maji, na mwaka 1990 kiwanda hicho kikaingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo yanayopaswa kusafishwa kwanza. Jukumu la kusimamia kazi hiyo liliangukia Jeshi la Wanahewa.

Kenya haina kiwanda cha ndege za kivita. Ndege zake aina ya F-5 zilinunuliwa kutoka ng'ambo. Kiwanda chake cha risasi mjini Eldoret, kilichoanzishwa mwaka 1997, huendeshwa na shirika la serikali lililo chini ya Wizara ya Ulinzi.

Kuhusu reli, mkataba ulikuwa wa miaka 25. Ulivunjwa mwaka 2017 kwa madai kwamba kampuni haikulipa ada wala kutimiza malengo yaliyowekwa, na Shirika la Reli la Kenya likaichukua tena kazi hiyo.

Mifano hiyo miwili yaonyesha kwamba hati ya umiliki pekee haimlindi mlipa ushuru. Kinachomlinda ni mkataba unaotaja waziwazi nani atakarabati, nani atasafisha, na nani atalipa siku mwendeshaji atakapofunga virago.